Geuza Kiti Kwanza

Saa moja asubuhi karakana ilikuwa imeshaamka. Mbele, chini ya bati, Baba Pacha alipiga randa. Nyuma, katika chumba chenye dirisha moja, Mama Pacha alikanyaga cherehani. Mume alitengeneza mbao za kochi. Mke alikata sponji, akapima kitambaa, akashona, akavisha. Kochi lilianza mbele likiwa mifupa mitupu, likatokea nyuma limenona.

Kibao cha mlangoni kilikuwa na jina moja tu, la mume. Mteja akipotea njia na kuingia chumba cha nyuma, aliuliza, "Fundi yupo?"

"Yuko mbele," alijibu Mama Pacha, sindano mdomoni.

Alijibu hivyo kwa miaka kumi na moja, na hakuona ubaya wowote.

Walikuwa na mabinti pacha wa miaka tisa. Wa kwanza aliitwa Mkubwa, kwa sababu alimtangulia mwenzake kwa dakika kumi na mbili. Wa pili aliitwa Mdogo, jina ambalo hakulipenda hata kidogo. "Dakika kumi na mbili si ukubwa," alisema kila siku. "Ni haraka tu."

Mama Pacha alikuwa na desturi yake. Kila alipomaliza kiti, alikigeuza miguu juu. Pale chini hufunikwa kwa kitambaa cheusi ambacho hakuna mtu anayekitazama. Kwenye kona ya kitambaa hicho alitia mishono mitatu ya uzi mwekundu.

"Urembo wa chini ya kiti, nani atauona?" Baba Pacha alimuuliza zamani.

"Si urembo. Kiti kikirudi kimeharibika, tutajua kama ni chetu au tunasingiziwa."

Baba Pacha alicheka. Lakini siku moja mtu alileta kochi bovu la fundi mwingine, akapiga kelele kwamba wamemtapeli. Walilipindua mbele ya watu. Mishono mitatu haikuwapo. Mtu yule aliondoka kimyakimya na kochi lake.

Baba Pacha naye alikuwa na desturi yake, nayo ni kitabu cha makabidhiano. Mteja hakuondoka na hata stuli bila kutia sahihi. Kila ukurasa ulikuwa na mistari ya kuandika vitu. Chini yake palikuwa na maneno yaliyopigwa chapa: *Nimekagua. Nimepokea. Nimeridhika. Sina dai lolote.*

Wateja hawakuyasoma. Waliuliza tu, "Natia wapi?"

Mama Pacha aliwaonyesha kwa kidole. "Hapo chini."

Kazi ilikwenda vizuri. Ndoa haikwenda. Hapakuwa na ngumi wala matusi. Palikuwa na kimya. Kilianza kwa ugomvi mdogo, na ugomvi ule haukuzibwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walijenga ukuta, tofali kwa tofali, mpaka hawakuonana tena ingawa walikula meza moja.

"Mkubwa, mwambie mama yako anipe chumvi," alisema Baba Pacha.

Mama Pacha alikuwa hapo hapo, umbali wa mkono mmoja.

"Mdogo, mwambie baba yako chumvi iko mbele yake."

Siku moja Mdogo aliweka kijiko chini. "Sisi si simu," alisema. Akasusa chakula, na dada yake akasusa naye.

Wazee wa pande zote mbili walikuja mara tatu. Walikunywa chai, wakashauri, wakaondoka. Kimya kilibaki. Ndipo akaja kaka yake Baba Pacha, mtu ambaye hakuwahi kukosa jibu, hata mahali pasipo na swali.

"Mnateseka bure," alisema. "Mahakama ya nini? Mahakama ni njoo kesho, njoo kesho. Andikianeni hapa hapa, kila mtu ashike njia yake. Mimi ni shahidi."

Baba Pacha alifikiri. Kisha akaleta kitabu cha makabidhiano. Ndicho alichokijua. Alipotaka jambo liishe bila maneno, aliliandika humo. Aliandika mistari minne, akakisukuma kitabu mezani.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu hakusema toka. Alitoa karatasi.

Mama Pacha aliitazama kalamu. Hasira ilimpanda. Hakutaka shemeji yake aone chozi lake hata moja. Akasema maneno aliyoyasikia kwa wateja mara elfu. "Natia wapi?"

"Hapo chini," alisema Baba Pacha.

Akatia sahihi. Baba Pacha alichana nakala na kumpa. Mambo yaliisha kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Au Mama Pacha alidhani yameisha. Shemeji yake alibeba cherehani hadi kwenye mkokoteni. Baba Pacha akatoka na begi la Mdogo, akalifunga juu ya godoro. Halafu akasimama.

"Na begi la Mkubwa?" Mama Pacha aliuliza.

"Mkubwa anabaki," alisema shemeji. "Soma karatasi yako. Umeshatia sahihi."

Mama Pacha aliikunjua ile nakala. *Cherehani moja. Godoro moja. Nguo zote. Mtoto mmoja.*

Mlangoni, wale mabinti walikuwa wameshikana mikono, na ilibidi vidole vyao viachanishwe kimoja kimoja.

*

Mama Pacha alihamia kwa shangazi yake, mitaa miwili kutoka pale. Alipewa chumba kimoja. Cherehani iliwekwa dirishani, godoro ukutani.

Asubuhi ya kwanza Mdogo alipewa mkate. Aliukata katikati, akala nusu, akafunga nusu kwenye karatasi.

"Mbona humalizi?" Mama Pacha aliuliza.

"Ni ya mwenzangu. Nitampa shuleni."

Siku ya pili alifanya vivyo hivyo. Siku ya tano pia. Kumbe naye Mkubwa alikuja shuleni na nusu yake ya mkate. Walibadilishana. Mwalimu wao alimwambia Mama Pacha kwamba kengele ya kwenda nyumbani ikilia, wale wawili hujificha darasani chini ya dawati lao.

Mama Pacha alikwenda karakana mara mbili. "Nipe mwanangu," alisema.

"Tumeshaandikiana," alijibu Baba Pacha. Macho yake yalikuwa mekundu, kwani naye alikuwa halali usiku. "Watoto wawili, wazazi wawili. Mmoja mmoja. Nimekudhulumu wapi?"

Kwa fundi wa mbao, kugawa katikati ndiyo haki. Hakuona kwamba kuna vitu ukivigawa hivyo umeviharibu.

Basi Mama Pacha akapanga lake moyoni. Ijumaa angesubiri kwenye lango la shule. Angemchukua Mkubwa, liwalo na liwe.

Alhamisi mchana mtu alibisha hodi. Alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mtaa mzima ulimwita Bi Karani. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na minne. Baada ya kustaafu alijiunga na ofisi ya msaada wa kisheria, karibu na soko.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata mito yangu miwili ya kochi. Karakana wananiambia mshonaji hayupo. Nikawauliza, fundi yupo na mshonaji hayupo, sasa kazi itafanyika vipi?"

Mito ilikuwa tayari, maana Mama Pacha alikuwa amehama nayo. Alikuwa ameondoka pia na kurasa chache za kitabu cha makabidhiano, kwani mazoea yana taabu. Alimpa Bi Karani karatasi na kalamu, akamwonyesha kwa kidole. "Hapo chini."

Bi Karani hakuangalia kidole. Alivaa miwani, akasoma kuanzia juu. Akachukua mto mmoja, akaugeuza. Akafungua zipu, akafunga. Akageuza na wa pili. Akarudi kusoma.

Mama Pacha alicheka kidogo, kicheko cha kwanza wiki ile. "Wewe ni mteja wa kwanza kusoma."

"Nimeona watu wengi wakilia kwa ajili ya karatasi ambazo hawakuzisoma," alisema Bi Karani.

Kicheko kikakatika. Mama Pacha alifunika uso kwa mikono. Alilia mpaka shangazi yake akaja na maji. Kisha akaitoa ile nakala chini ya godoro, akampa mgeni.

Bi Karani aliisoma mara moja. Akaisoma tena.

"Mtoto mmoja," alisema polepole. "Hata kochi huandikwa rangi. Huyu mtoto hata jina hana?"

"Nilitia sahihi kwa hasira, mama. Sasa ndiyo basi?"

"Subiri. Kwanza nikuulize, na usinione mbaya, kila mtu namuuliza. Mumeo anakupiga? Anakutisha?"

"Hapana. Hajawahi."

"Vizuri. Angekuwa anakupiga, tungeanza na usalama wako na wa watoto, mengine baadaye. Ndoa yenu mlifunga vipi?"

"Kwa cheti. Kiko kwenye sanduku langu."

"Basi sikiliza. Karatasi hii ni ya kupokea samani. Haivunji ndoa. Ndoa yenu ya cheti huvunjwa na mahakama, si na kaka wa mume akiwa na kikombe cha chai mkononi. Mmetengana, ndiyo. Kila mtu analala kwake. Lakini kutengana si talaka. Mpaka leo wewe ni mke, yeye ni mume, na haki zenu zipo palepale."

"Na watoto?"

"Mtoto si mali. Hagawanywi. Mahakama haiulizi nani anamtaka, wala nani alitia sahihi. Inauliza jambo moja: nini kitamfaa mtoto? Wapi atalala salama, atasoma, atatunzwa, hatapoteza watu wake. Na hawa ni pacha! Kuwatenganisha kunahitaji sababu nzito sana. Mimi hapa siioni."

Mama Pacha alivuta pumzi. Akamweleza mpango wake wa Ijumaa.

"Usifanye hivyo," alisema Bi Karani kwa ukali. "Ukimnyakua langoni, kesho baba yake atamnyakua Mdogo. Mtawavuta wanenu mpaka wapasuke. Twende kwa njia ya mlango, si ya dirishani."

"Lakini shemeji anasema mimi sina kazi. Eti mahakama itaniuliza nitawalea na nini, kwa kuwa karakana ni ya mdogo wake."

"Kwanza, mzazi kuwa na kipato kidogo si sababu ya kunyang'anywa mtoto. Kumtunza ni jukumu la wazazi wote wawili, hata wakiachana. Pili, karakana ilianza lini?"

"Tulipooana. Ilikuwa ni bati nne tu."

"Na wewe unafanya nini pale?"

"Mimi? Mimi namsaidia tu."

Bi Karani alivua miwani. "Hebu niambie, siku moja kabla ya kutia sahihi uliamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Ukafanya nini?"

Mama Pacha alianza kusimulia. Aliwasha moto, akawaandaa watoto, akafagia karakana. Alikata sponji za makochi mawili. Alikwenda dukani kuchagua kitambaa, kwa sababu Baba Pacha hajui kutofautisha bluu na kijani. Alishona mpaka saa saba. Akapika. Akavisha viti vinne. Akasikiliza malalamiko ya mteja. Akasimamia watoto wafanye hesabu za shule. Alisimulia mpaka chai ambayo shangazi alimletea Bi Karani ikapoa.

"Huku ndiko kusaidia?" aliuliza Bi Karani. "Basi mumeo naye anakusaidia wewe! Kochi bila kitambaa ni nini?"

"Kuni," alisema Mama Pacha, akashangaa kusikia sauti yake.

"Sasa umesema. Hata usingegusa sindano, ukawa unapika na kulea tu, huo nao ni mchango. Mali iliyochumwa na watu wawili ndani ya ndoa hutazamwa kwa mchango wa wawili, hata kama hati ina jina la mmoja. Tafuta chochote kinachoonyesha kazi yako. Na ukae na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, usivipoteze. Asubuhi njoo ofisini. Kuna wakili anakuja kila Ijumaa, haombi malipo. Mimi naeleza njia, yeye anajua mashimo yake. Mwenye ndoa ya aina nyingine, au anayeishi nchi nyingine, naye aulize za kwao, maana sheria hazifanani kote. Lakini kuuliza si ujinga popote."

Ndipo Bi Karani akatia sahihi ya kupokea mito yake. Aliiweka vizuri, herufi zote zinasomeka.

*

Ijumaa hiyo Mama Pacha hakwenda langoni pa shule. Alikwenda ofisini. Wakili alimsikiliza saa nzima, akamsaidia kuandika maombi. Alimshauri waanze kwa usuluhishi, kwa sababu penye nia ya kuelewana hakuna haja ya kuvuana nguo hadharani. Baba Pacha alipelekewa wito. Naye pia akaambiwa kwamba ana haki ya kupata ushauri wake.

Wiki mbili baadaye walikutana katika ofisi ya usuluhishi, ndani ya jengo la mahakama. Bi Karani alimsindikiza Mama Pacha mpaka mlangoni, akakaa kwenye benchi la nje.

"Huingii na mimi, mama?"

"Kinywa unacho. Nenda."

Msuluhishi alikuwa mzee mwenye sauti ya chini. Shemeji alijaribu kuingia pia.

"Wewe ni nani katika ndoa hii?" msuluhishi alimuuliza.

"Kaka wa mume."

"Basi tutakuita tukikuhitaji." Mlango ukafungwa.

Mama Pacha aliviangalia viti vya chumba kile. Alivijua. Vilikuwa kumi na viwili, vya kitambaa cha kahawia. Ndiyo ilikuwa kazi yao kubwa ya kwanza. Alivivisha akiwa na mimba ya miezi minane.

Msuluhishi aliuliza kama wanataka kurudiana. Walitazamana, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Wote wawili walitikisa kichwa, bila hasira.

"Haya. Tuanze na watoto. Afisa ustawi wa jamii amewatembelea shuleni, akazungumza nao peke yao. Aliwauliza wanataka nini. Nawasomea jibu lao." Alishika karatasi. "*Tunataka kulala chumba kimoja. Chumba chochote.*"

Baba Pacha aliinamisha kichwa. "Nilidhani mmoja mmoja ndiyo haki," alisema. "Sikutaka mtu aseme nimechukua wote."

"Haki ya nani?" aliuliza msuluhishi. "Yenu, au yao?"

Baba Pacha alisugua kiganja chake chenye sugu. "Yao," alisema mwisho. "Wakae pamoja. Lakini wakae kwangu. Mimi ndiye mwenye karakana. Yeye alikuwa ananisaidia tu. Atawalisha nini?"

Mama Pacha alihisi lile neno likimchoma. Siku zote lilikuwa lake mwenyewe. Alisimama.

"Mzee, naomba ruhusa. Baba Pacha, simama kidogo."

Baba Pacha alisimama, hajui kuna nini. Mama Pacha alikishika kiti alichokuwa amekalia, akakigeuza miguu juu, akakiweka juu ya meza ya msuluhishi. Kitambaa cheusi kilikuwa na vumbi. Alikifuta kwa kiganja. Kwenye kona ilionekana mishono mitatu myekundu. Yote mitatu ilikuwa imeenda upande.

"Soma hapo," alisema.

Baba Pacha aliisogelea. Aliigusa kwa kidole kimoja.

"Imepinda," alisema.

"Kwa nini imepinda?"

Alikaa kimya. Lakini kimya hiki hakikuwa kile cha nyumbani. "Ulikuwa huwezi kuinama," alisema. "Tumbo lilikuwa kubwa. Ulishona umekaa upande. Nilikwambia tuombe siku zaidi, ukakataa. Ulisema tukichelewesha kazi ya kwanza hatutapata ya pili."

"Viti vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Geuza chochote katika mji huu kilichotoka kwetu," alisema Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa thabiti, na aliona fahari kuisikia. "Kochi la daktari, viti vya shule, stuli za kinyozi. Kama hakina mishono yangu, nitakubali kwamba nilikuwa nakusaidia."

Msuluhishi aliinuka kwenye kiti chake mwenyewe, akakipindua. Mishono ilikuwapo. Akakirudisha taratibu, akakaa.

Baba Pacha alikuwa mkaidi, lakini hakuwa mwongo. Fundi wa kweli haikani kazi akiiona. "Karakana ni yetu," alisema. "Andika hivyo, mzee. Ni yetu sisi wawili."

Mama Pacha aligeukia dirisha ili ajifute macho. Safari hii hakujali nani ameona.

Walikutana mara tatu zaidi. Kila jambo lilisemwa kwa kinywa, halafu likaandikwa, halafu likasomwa kwa sauti. Mabinti watakaa na mama yao siku za shule. Jumamosi na Jumapili watakwenda kwa baba yao. Popote watakapokwenda, watakwenda wote wawili. Chakula, shule na matibabu vitatoka kwa wazazi wote, kila mmoja kadiri ya uwezo wake, na viwango viliandikwa. Karakana iligawanywa bila kuharibiwa: mbele ya Baba Pacha, nyuma ya Mama Pacha. Chumba cha nyuma kilitobolewa mlango wake wa barabarani, na jina lake likaongezwa kwenye hati ya kiwanja.

Kila mmoja alipewa nakala kabla ya kutia sahihi. Mama Pacha alikaa nayo siku mbili. Aliisoma na wakili. Aliisoma na Bi Karani. Mahali pamoja paliandikwa "watoto" bila majina. Alirudisha karatasi.

"Waandikwe majina yao," alisema. "Yote mawili, na ya ukoo."

Waliandikwa. Mapatano yakapelekwa mahakamani, hakimu akayathibitisha. Talaka yenyewe ilikuja miezi kadhaa baadaye, kwa utaratibu wake, mbele ya hakimu huyo huyo. Shemeji alisema yeye alijua tangu mwanzo kwamba mahakama ndiyo njia. Watu walimwacha aseme.

*

Leo chumba cha nyuma kina madirisha mawili na kibao chake. Mama Pacha amepata mwanafunzi wa ushonaji, mwanamke mmoja ambaye naye alikuja kwa Bi Karani na karatasi asiyoielewa. Mabinti hula mkate mzima mzima. Usiku hugombana nani alale upande wa ukuta, na mama yao huwasikiliza kwa raha.

Kitabu cha makabidhiano bado kipo, lakini ni kipya. Mama Pacha alikwenda kwa mpiga chapa mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi Baba Pacha alikuja kuwachukua watoto. Alikuja pia kuchukua viti sita alivyovitengeneza yeye, vikavishwa na Mama Pacha. Siku hizi alikuwa mteja wake, kama mafundi wengine wanne wa mtaani. Viti vilipangwa mlangoni, kitambaa cha kijani kibichi kama majani mapya.

Mama Pacha alimpa kitabu. Baba Pacha alichukua kalamu. "Natia wapi?"

"Soma kwanza."

Alisoma. Chini ya ukurasa palikuwa na maneno mapya yaliyopigwa chapa: *Geuza kiti kwanza. Kagua. Soma. Uliza usichoelewa. Halafu tia sahihi.*

Baba Pacha alikohoa kidogo. Alikigeuza kiti cha kwanza. Mishono mitatu myekundu ilikuwapo kwenye kona, imenyooka. Akakigeuza cha pili. Akakigeuza cha tatu.

"Baba, vyote?" aliuliza Mdogo.

"Vyote."

"Aibu imemshika," Mkubwa alimnong'oneza mwenzake, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Hata Baba Pacha alicheka.

Alimaliza kiti cha sita, akasimama wima, akatia sahihi.

"Kazi nzuri," alisema. Alimwambia mwenyewe, bila kumtuma mtoto.

"Asante," alisema Mama Pacha.

Wakati huo mtu mmoja alisimama mlangoni, mto uliochanika mkononi. Aliangalia huku na huku. "Hodi. Fundi yupo?"

Kwa mazoea Baba Pacha alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akasogea pembeni ili mlango uwe wazi.

Mama Pacha alitoa sindano mdomoni. "Nipo," alisema. "Karibu."